Glasi Isiyokuwepo

Walikuja skuli ya Bwejuu na sanduku jeusi,
ndani miwani mbili, nene kama matofali,
wakasema wanatafuta mtu wa kushawishi.
Sauti tu. Asionekane.
Awe kijana, awe wa hapa,
aseme kama wanavyosema nyuma ya mahoteli
usiku wa Jumamosi, muziki ukishapamba moto.

Nikamtaja kaka yangu.

Vuai alikuwa na siku arubaini na moja.
Hakuna aliyehesabu ila mimi
na kalenda ya duka la Pandu nyuma ya mlango;
kila siku nikitia nukta ya wanja,
ndogo, mama asijue nahesabu nini.
Maana kwetu kitu kile hakina jina.
Husemwa kijana ana homa.
Kijana kachoka. Kijana kaenda mjini.
Na kijana yumo chumbani, ndoo chini ya kitanda,
na jirani anauliza hali kwa adabu
huku pua yake imeshamjibu.

Walirekodi darasa la sita,
madirisha tumeyaziba kwa magodoro.
Karatasi waliyompa akaisoma, akacheka,
akairudisha. "Hakuna anayesema hivi."
Akafumba macho.

Yakhe, onja tu, mdomo hauozi.
Tone moja halijazi mtungi.
Nani atakuona? Mola?
Mola anakuona tangu asubuhi na bado uko hai.
Baba'ko hajakununulia hata viatu, mie nakununulia hii.
Haya, kataa. Lakini sema basi kuwa si mwenzetu.

Fundi akaacha kutafuna.
Mimi nikatazama sakafu:
kumbe ndivyo alivyoambiwa,
kwa upole hivyo, na mtu aliyempenda.

Watoto wa kidato cha pili
wakakalia kiti cha plastiki, mmoja mmoja.
Subira binti Mcha alikataa mara tatu,
ya nne akapiga kelele, "Haba na haba
hujaza kibaba, mlevi we!"
na darasa zima likaanguka kwa kicheko.
Khatib hakusema kitu. Alipokea.
Mle ndani taa zikaanza kuvutika kama utomvu,
honda ikawashwa, yeye juu yake,
akaivua miwani kabla ya kona.
Akakaa kimya. Kisha:
"Naweza kurudi pale mwanzo?"
Anaweza.
Barabara ya Paje haijawahi kuulizwa swali hilo
ikajibu hivyo.

Siku ya mwisho, waya zinakunjwa,
Vuai akasema, nipe na mie.

Nilijua anachokisikia.
Ni yeye mwenyewe, wa siku ya arubaini na moja,
anajibembeleza.
Mara ya kwanza vidole vilikunjika,
vikashika hewa, vikaipandisha mpaka mdomoni.
Hakuna aliyecheka. Hata Subira.
Akaomba tena.
Mara ya pili alikawia. Shati likamganda mgongoni.
"Sema utakalo," akaiambia. "Nakujua.
Mie ndiye niliyekulea."
Kiganja kikafunguka, kikasukuma
polepole, kama mtu anayerudisha sahani
kwa mwenyeji asiyetaka kumvunja moyo,
lakini anairudisha.

Sitasema amepona.
Njiani tulipita nyuma ya mahoteli,
muziki ulikuwa umeanza,
na alitembea upande wangu wa kushoto
nikiwa katikati, kati yake na taa.

Usiku nikachukua wanja, nikaenda nyuma ya mlango.
Nukta ya leo ilikuwapo.
Haikuwa ya wanja. Ya mkaa.
Nikazitazama na za nyuma, moja moja,
chini ya kila nukta yangu, doa jingine, limefifia.

Mama yuko jikoni, anapuliza moto.
Hakugeuka.
"Sitini na ngapi leo?" akauliza.